UZI: Nimepima uvutaji hewa wa Forester yangu na hosi ya maji kabla ya kukata chochote, kujeni muone

Jirani_wa_Umoja

Wazee, wadada, habari za Jumapili. Uzi ni mrefu, weka chai kwanza.

Gari ni Subaru Forester SG5 ya 2006, 2.0 bila turbo, otomatiki ya gia 4. Mwaka jana niliingia ule mtego tunaingianga wote, nikaenda Kirinyaga Road (wale wa zamani mnaita Grogan) nikanunua filta ya koni 6,500, nikang'oa eya klina (boksi ya filta) yote ya kampuni, nikafunga koni, nikawasha. Mngurumo! Nilizunguka mtaa mara tatu nikijisikiza mwenyewe kama mjinga. Wiki ya pili ndio nikaanza kuona vituko, asubuhi gari iko sawa, lakini jioni nikitoka kwa jam ya Jogoo Road nikipata kamwanya nikanyage, gari imelala. Imelala kabisa, ungedhani nimebeba mawe ya Njiru.

Nikachomeka kale kadude ka ELM327 kanakosoma kompyuta ya gari, nikasoma joto la hewa inayoingia kwa injini. Kwa jam nyuzi 58. Hapo nje ilikuwa 26. Yaani koni ilikuwa inakaa pale ndani ya boneti inavuta moshi wa jikoni, hewa ambayo redieta imeshaichemsha. Sasa fanya hesabu ya darasani, hewa ikipanda joto inapanuka, na injini inameza ujazo, haimezi uzito. Kutoka nyuzi 28 hadi 58 unapoteza karibu asilimia 9 ya hewa yenyewe. Nimelipa 6,500 kuibiwa asilimia 9. Na huku Nairobi tumeshaibiwa tayari, tuko mita 1,700 na kitu juu ya bahari, presha ya hewa ni kama milibaa 830 wakati Mombasa ni 1,013, kwa hivyo gari isiyo na turbo imeacha karibu asilimia 18 ya nguvu yake huko chini kabla hujaigusa.

Koni nikatoa, nikarudisha boksi ya kampuni. Lakini ile hamu haikuisha, nikasema safari hii sikati kitu bila kujua hewa inabanwa wapi.

Kifaa ni rahisi hadi aibu. Nilinunua mita 3 za hosi ya plastiki inayoonyesha ndani, nikaipinda umbo la U nikaifunga kwa ubao na rula katikati, nikajaza maji nusu yenye rangi nyekundu ya keki (mke wangu bado anatafuta hiyo chupa). Ncha moja iko wazi ndani ya gari, ncha ya pili inapita dirishani hadi kwa boneti na inaingia pale unataka kupima. Injini ikivuta, maji yanapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Kadiri njia inavyobana ndivyo tofauti inakuwa kubwa. Kila mguu wa U uwe mrefu, wangu ni sentimita 70, usije ukainywesha injini maji ya keki.

Hapa nilifanya kosa la kuchekesha. Mara ya kwanza nilisoma tu yale maji yaliyopanda kutoka alama ya katikati, nikaambia jirani yangu mwenye Outback gari yangu haina shida yoyote ya hewa, tena kwa kiburi. Kumbe unahesabu kutoka juu ya upande mmoja hadi chini ya upande wa pili. Kila namba niliyompa ilikuwa nusu. Bado ananikumbusha.

Kupima ni saa kumi na mbili asubuhi Jumapili, barabara tupu, gia imekwama kwa 1, unakanyaga mpaka chini hadi mizunguko 6,000. Kwa hii otomatiki hiyo ni kama 60 kwa saa tu, hakuna haja ya kukimbiza kama uko resi. Mtu wa pili ndiye anasoma ubao, wewe angalia barabara.

Nilitoboa katundu ka milimita 6 kwa boksi chini ya filta (hewa haijachujwa), kengine juu ya filta (imeshachujwa; toa boksi kwanza utobolee mezani, vumbi la plastiki lisibaki ndani). Ya tatu sikutoboa, nilichomoa ile hosi ya pumzi ya injini inayoingia kwa bomba karibu na throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) nikapimia kwa hako kamdomo, halafu nikairudisha.

Chini ya filta: sentimita 17. Juu ya filta na filta yangu mzee: 29. Karibu na throto: 35. Nikaweka filta mpya ya karatasi ya kawaida, juu ya filta ikashuka hadi 21, karibu na throto 27.

Someni hiyo tena polepole. Filta chafu ilikuwa inakula sentimita 12, filta mpya inakula 4. Nne! Hiyo ndio kitu tunauziwa koni ya elfu sita itupunguzie. Mwizi mkubwa alikuwa ule mdomo wa mbele, ile plastiki bapa inayolalia juu ya redieta, sentimita 17 peke yake kabla hewa haijafika kwa filta.

Kwa hivyo filta nikaiacha, boksi nikaiacha, bomba lenye sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia) sikuliangalia hata. Nilienda hadiwea hapa mtaani nikanunua kipande cha paipu ya maji taka ya 75, kona mbili, hosi klipu, na raba ya mlango wa gari. Nikatoa ule mdomo bapa, paipu ikatoka nyuma ya grili mbali na redieta hadi kwa tundu la boksi, kona nilizilainisha ndani na sandpepa, na ule ukingo wa mdomo nikaupasha moto kwa maji ya kuchemka nikaupanua kama tarumbeta, maana hewa haipendi ukingo mkali. Jumla 1,150 na nauli ya miguu.

Chini ya filta sasa ni 6. Karibu na throto 16.

Na joto: kwa jam 38, nikiwa natembea ni nyuzi 1 au 2 juu ya hewa ya nje. Mdomo wa kampuni ulikuwa unanipa 44 kwa jam.

Sasa kabla mtu hajaanza kushangilia. Nimeokoa sentimita 11 za maji. Presha yote ya hewa hapa Nairobi ukiipima kwa maji ni kama sentimita 846. Hiyo ni asilimia 1.3. Gari ilitoka Japani na nguvu za farasi 140, hapa juu tuseme ni 115, kwa hivyo nimepata farasi mmoja na nusu, na huyo wa nusu pengine ni punda. Kitu nasikia kwa mguu kweli ni ile ya joto, jioni gari hailali tena.

Maswali karibu.

Msee_wa_Demio

Buda umenivunja roho. Nimeokota koni Ijumaa, thao 5 ikaenda hivyo, na sauti yenyewe ni tamu msee. Kwani hakuna venye naeza iacha na isivute moto?

Jirani_wa_Umoja

Iko. Enda Kamukunji wakukunjie bati, lizunguke koni pande zote, juu uweke raba igusane na boneti, halafu uvute paipu kutoka mbele ilete hewa baridi ndani ya hilo bati. Ukimaliza angalia vizuri kile umetengeneza, utakuta ni eya klina ya kampuni, tofauti ni kwamba yako inapiga kelele.

Msee_wa_Demio

😂😂 nimenyamaza

Gereji_Industrial

Kijana, kazi yako nimeipenda kwa sababu umepima. Mimi niko kwenye gereji tangu magari ya kabureta, nimezaliwa Mombasa nikapandia huku, na kila wiki analetwa mtu aliyekata kwanza halafu anauliza baadaye.

Nina mawili. La kwanza, lile boksi tupu lililofichwa ndani ya fenda, rezoneta, hujasema ulilifanyia nini. Vijana wengi wakiliona halina kazi wanalitupa, wanasema ni la kuzuia kelele tu. Kelele ni kweli, lakini valvu zinapofungika hewa iliyokuwa inakimbia inagonga na kurudi nyuma kama wimbi, na lile boksi linameza wimbi hilo kwenye mizunguko fulani. Magari mengine ukilitoa husikii tofauti, mengine yanapata shimo pale katikati, unakanyaga gari linasita kidogo halafu ndio linakwenda. Litoe ukitaka, ila liweke stoo. Usiwape watu wa chuma chakavu.

La pili ndilo kubwa. Mdomo wako uko nyuma ya grili, juu. Uache hapo hapo. Kuna mtindo wa kushusha bomba hadi nyuma ya bampa ati kule chini ndiko kuna hewa baridi. Hewa baridi iko, na maji pia yako. Mafuriko ya 2024 nilipokea magari ya namna hiyo, moja liliingia dimbwi ambalo Probox ya mbele yake ilikuwa imepita salama. Hewa inashindilika, mwanangu, maji hayashindiliki. Pistoni inapanda, inakuta maji, haina pa kwenda, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoisukuma pistoni. Mwenye gari alipoona limezima akapiga stata tena na tena, akaimaliza kazi mwenyewe. Gari likizimika ndani ya maji usiliwashe, livutwe, plagi zitolewe zote ndipo injini izungushwe itapike.

Jirani_wa_Umoja

Heshima mzee. Rezoneta nimeiacha mahali pake, kwa kweli ilikuwa uvivu, kuitoa inataka ufungue plastiki ya ndani ya fenda na klipu zangu zote zimezeeka. Sasa nitasema ilikuwa hekima.

Dada_Kitengela

Mimi niko na Fielder ya injini ya 1NZ na nitasema yangu kuhusu filta za kuoshwa, maana hapa juu mmeziruka. Kuna fundi aliniuzia moja ya pamba nyekundu, akaniambia hii utazika nayo gari, unaosha unapaka mafuta unarudisha. Nikaosha, nikapaka mafuta, na nilipaka kama napaka mtoto vaseline. Siku nne tu, gari ikisimama kwa taa mizunguko inapanda inashuka yenyewe, taa ya injini ikawaka, kodi P0171, yaani petroli kidogo kuliko hewa. Nikabadilishiwa plagi, nikaambiwa pampu ya petroli, nikaambiwa kuna hosi inavuja. Pesa ikaenda. Mwishowe kijana mmoja wa Rongai akatoa sensa ya MAF akanionyesha, ule kawaya kembamba kamevaa mafuta na vumbi juu kama mandazi iliyoanguka. Akapuliza na ile spreyi ya kuoshea MAF (hiyo tu, si ya breki), akaacha ikauke, gari ikatulia hapo hapo.

Nimerudi kwa filta ya karatasi. Na vumbi ya huku mnaijua, sisi tunakaa kilomita 4 za murram kabla ya lami. Kitu nafanya kila nikifungua, nachukua tishu nyeupe napangusa ndani ya bomba baada ya filta. Ikitoka nyeupe tuko sawa. Ikitoka kahawia, filta haikai vizuri au boksi imepinda, na hiyo mchanga inaenda kusaga ringi za pistoni.

Jirani_wa_Umoja

Dada hiyo ya tishu nimeiiba. Na imenikumbusha, yale matundu mawili niliyotoboa nimeyaziba na skrubu na silikoni, haswa lile la juu ya filta. Hapo hewa haichujwi tena, tundu la kiberiti tu linatosha kukuletea Kitengela yote ndani.

Na kwa wale wataguswa wabadilishe bomba la MAF liwe pana: msifanye. Kompyuta inajua upana wa hilo bomba. Ukiweka pana, hewa ile ile inapita polepole mbele ya waya, kompyuta inadhani ni hewa kidogo, inatoa petroli kidogo, na injini inakimbia na kiu.

Kilomita_Kwa_Lita

Mnaongea farasi farasi, mimi nilifungua tu mfuniko wa eya klina nikaacha wazi kidogo na gari ilitoka kilomita 9 kwa lita hadi 11. Hewa mingi, mafuta kidogo. Haihitaji hosi ya maji.

Jirani_wa_Umoja

Boss, kwanza funika hiyo kitu leo, soma pale juu kwa dada.

Pili, sikatai uliona 11, lakini haikutoka hapo. Ukiendesha kawaida, tuseme 80 kwa Thika Road, throto imefunguka kidogo tu. Ni wewe mwenyewe na mguu wako umefunga mlango. Ukipanua korido nyuma ya mlango uliofungwa nusu, nani atapita zaidi? Injini inapata hewa ile ile, kompyuta inatoa petroli ile ile. Nilijaribu na ubao wangu, kwa mwendo wa kawaida maji hayakusogea hata sentimita 2, hata na ule mdomo wa kampuni. Kubana kunaongezeka kwa mraba, hewa ikiwa nusu kubana ni robo. Ndio maana haya yote ni ya mtu anakanyaga mpaka chini na mizunguko iko juu, na kwa Nairobi hiyo ni mara ngapi kwa wiki?

Jaza tangi hadi ikate, tembea mpaka karibu iishe, jaza tena pampu ile ile, ufanye hivyo mara tatu, halafu uniambie.

Kilomita_Kwa_Lita

Ilikuwa tangi moja. Na ilikuwa wiki ya kwenda Mombasa 😅

Gereji_Industrial

Basi umejijibu. Safari ndefu bila kusimama, mteremko mrefu. Na lile gari likishapita Mtito Andei linakuwa jepesi, kila dereva wa barabara ile analijua hilo, linarudi kuvuta hewa lililozaliwa nayo.

XT_Mweusi

Nauliza kwa niaba ya wenye turbo. Hiyo ya nguvu kupungua kwa sababu ya mwinuko hatuisikii sana, turbo inajaza. Ila mdomo ukibana turbo inazungushwa zaidi kupata presha ile ile, si ni kweli?

Jirani_wa_Umoja

Ni kweli, na ikizungushwa zaidi inachemsha hewa zaidi, kwa hivyo kwako kupunguza kubana kuna maana kuliko kwangu. Pia wewe unavuta hewa mingi, namba zako zitakuwa kubwa, fanya hosi iwe ndefu. Usipime baada ya turbo na maji lakini! Huko ni presha ya kusukuma, utaogea rangi.

Msee_wa_Demio

Na ile hewa ya mbele, si gari ikitembea mbio inajisukuma yenyewe kwa paipu? Naona za watu ziko na mdomo kubwa kwa grili.

Jirani_wa_Umoja

Ukiwa 100 kwa saa ule upepo wote ukiushika vizuri bila kupoteza ni kama sentimita 4 za maji. Nusu asilimia. Ufike 200 ndio uone 16, na ukifika 200 mimi na wewe hatujuani.

Jirani_wa_Umoja

*(wiki tatu baadaye)*

Narudi na habari si nzuri sana. Mvua ya Jumanne mliiona. Jumatano nilifungua boksi, upande mmoja wa filta umelowa na kuna kidimbwi chini kama vijiko vitatu. Mdomo wangu wa tarumbeta ulikuwa unaangalia mbele kabisa, unakaribisha kila kitu pamoja na vipepeo wawili. Mzee alisema nisiushushe chini, sikuushusha, lakini sikufikiria kwamba mvua pia ina spidi yake.

Nimeuzungusha uangalie upande wa taa, hewa sasa inapinda kuingia, na kona ya chini nimetoboa katundu ka milimita 4 maji yatoke. Nimepima tena: chini ya filta 7 badala ya 6. Sentimita moja nimewalipa vipepeo.

Pia hosi klipu moja ililegea kwa matuta ya hapa kwetu, PVC inateleza kwa raba. Nimeweka ya pili kando yake. Na hii paipu msiipeleke karibu na egzosti, inalainika, yangu iko upande wa baridi tu.

Dada_Kitengela

Kaka huo ubao unaazimisha? Nataka kujua Fielder inabana wapi kabla mume wangu hajaamka na msumeno.

Jirani_wa_Umoja

Uko hapa Umoja, kuja Jumamosi. Ila beba rangi ya keki yako, ya huku imekuwa kesi.